Milango Minne, Paa Moja

Bariadi,
Wilaya ya Maswa.
21 Oktoba 1973.

Kwa shemeji yangu Joakim,

Salamu zangu zikufikie huko Tanga, wewe, Felisita na watoto. Naomba barua hii ikukute umekaa kitini na tumbo limeshiba, maana ni ndefu na sehemu nyingine hazimezeki kirahisi. Sisi huku ni wazima. Mdogo wako Sayi hajambo, watoto hawajambo, mvua za kwanza zimegusa Bariadi zikairuka Zagayu, na pamba yote imeshaondoka magulioni. Mimi mwenyewe siumwi, ila nimechoka. Nikikaa naona uvivu kusimama, nikisimama naona uvivu kukaa. Usishtuke, sababu utaijua kabla hujafika mwisho.

Barua yako niliipata. Umeuliza macho ya mama yanaendeleaje. Umeuliza pia, kwa maneno ya upole lakini nimekuelewa, ilikuwaje nikasubiri kibali cha gari muda wote ule halafu nikarudi na kigari cha kijivu kisicho na redio wala keria, wakati mwenzangu Constantine, kwa mkopo ule ule wa serikali, alirudi na gari jekundu linaloimba. Mwisho ukasema utatuma chochote kila mwezi ili dereva Ramadhani aendelee kumpeleka mama hospitali ya Mwanza. Shemeji, hayo yote ni jambo moja, nami limenichosha kulibeba peke yangu.

Nianze na macho. Unakumbuka ukungu ulianza jicho la kushoto, tukadhani ni moshi wa jikoni. Ulipohamia la kulia akawa anamwita mbuzi kwa jina la mtoto. Mdogo wako Anatoli, anayeishi naye pale Zagayu, alimpeleka Mwanza mara ya kwanza juu ya lori la pamba, amekaa kwenye marobota, ameshika kamba. Waliporudi, mama hakuweza kulalia ubavu kwa muda mrefu. Alisema hana neno, amepata kuona ziwa kutoka juu kama ndege. Hakuwa ameona ziwa lolote. Sayi alilia, na mimi nikaenda ofisini nikaandika maombi ya mkopo. Nilieleza kwamba gari ni la kuzungukia magulio ya pamba kikazi, na ni kweli nayazungukia nalo, lakini moyoni nilikuwa namnunulia mama mkwe wangu.

Jina lake, kama ujuavyo, halipiti mdomoni mwangu, hata kwenye kalamu halipiti. Wewe umekaa pwani miaka mingi na watu wanaokula sinia moja na mama wakwe zao, kwa hiyo acha nikukumbushe tunavyoishi huku. Tangu nimuoe Sayi sijawahi kumpa mama yako mkono. Nikimwona njiani nachepuka. Nikitaka kumsalimu nachuchumaa mbali, natazama pembeni, naye anaitikia akitazama upande mwingine. Nikiwa na neno kwake, namtuma mtu. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe, na sisi sote wawili tumeitunza vizuri hata wakati wa msiba wa baba.

Basi mkopo ulipotoka ukawa mdogo kama mikopo yote. Ulifika kwenye gari dogo la saluni na hapo ukaishia. Ushauri ndio uliokuwa mwingi. Constantine alisema nitazame injini na redio, kwa sababu safari bila redio ni kifungo. Fundi wa jineri, kule wanakochambua pamba, alisema nitazame tumbo la gari liwe juu, nisije nikakwama kwenye udongo mweusi. Mzee mmoja jirani yetu alisema ninunue majike ya ng'ombe, gari halizai. Nilimsikiliza kila mtu, nikaitikia kila mtu, na kichwani mwangu nilikuwa na swali moja tu ambalo sikuweza kumwambia yeyote. Mama ataingiaje?

Tulikwenda Mwanza mimi na Sayi. Muuzaji alikuwa kijana wa pwani aitwaye Athumani, mcheshi, shati limepigwa pasi. Akatuonyesha Volkswagen, akaisifia kwamba haiogopi matope. Milango miwili. Akatuonyesha Datsun nyekundu, mpya, ina redio, ina keria, bei ndani ya mkopo wangu. Ilikuwa ndugu ya ile ya Constantine. Milango miwili. Peugeot ilikuwepo, milango minne na nafasi tele, lakini bei yake ilikuwa ya watu wengine. Athumani alipoanza kueleza mambo ya petroli na spea nilimkatiza nikamwomba ruhusa ya kufanya jaribio. Nikakaa kwenye usukani wa ile nyekundu, nikamwambia Sayi aingie nyuma kama vile yeye ndiye mama yake.

Shemeji, ungecheka. Sayi alilaza kiti cha abiria, akainama, akajikunja, akanipa mgongo, na kitenge chake kikafuta mkono wangu wa gia. Nikatoka mle garini kama mtu aliyeona nyoka. Sayi naye akabaki ameshika mdomo. Athumani akauliza kama kiti kina hitilafu. Nikamwambia kiti ni kizima, kasoro iko kwetu. Alipoelewa, akajaribu kusaidia. Akasema tutundike pazia, huko kwao mabibi harusi husafiri hivyo. Nikamwuliza pazia litazuia vipi mtu asiniguse akiwa anaingia. Akakubali kwamba halizuii.

Kulikuwa na Datsun nyingine kule nyuma ya ua, ya kijivu, milango minne, haina chochote cha kupendeza. Haina redio, haina keria, viti vya plastiki vinavyonata jasho. Ilimaliza mkopo wangu na akiba kidogo ya Sayi ya kuuza mchele. Sayi alikaa nyuma, kona ya kushoto, nami mbele kulia. Akanyoosha mkono, haukunifikia. Akafungua mlango wake mwenyewe, akashuka bila kuniinamia. Hapo nikasema hilo hilo. Athumani alitikisa kichwa. Alisema watu wote huuliza gari linakula petroli kiasi gani, mimi wa kwanza kuuliza mkono wa mtu una urefu gani.

Tulirudi Bariadi, Constantine akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwacha acheke. Siku ya kwenda kumchukua mama nilivaa shati jeupe. Gari halifiki nyumbani kwa ajili ya korongo lile, kwa hiyo tulipanga Anatoli amlete kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi barabarani. Alimleta. Mimi nikasogea kando, nikachuchumaa, nikasalimu, akaitikia. Sayi akamshika mkono mama yake, akampapasisha lile gari, mlango huu, mlango huu, na ule kule. Mama akapapasa, akasifu ubaridi wa bati, akasema limefunzwa adabu, halipigi kelele. Kisha akauliza nani anaendesha. Sayi akamjibu.

Mama akarudi kwenye mkokoteni akakaa. Hakukasirika. Alimwambia Sayi aniambie kwamba anashukuru sana, nimehangaika sana, na milango ameihesabu yote kwa mkono na imetosha. Lakini hata ingekuwa kumi, paa ni moja, na yeye na mkwe wake hawawezi kuketi chini ya paa moja kutwa nzima kama mke na mume.

Shemeji, nilisimama pale barabarani nikalitazama gari langu. Ni kweli kabisa. Nilipiga hesabu ya milango, nikasahau paa. Mimi niliyezaliwa huku, niliyekulia huku, sikuliona jambo ambalo mtoto wa kuchunga ndama angeliona. Nadhani uchovu huu nilionao ulianza siku ile.

Ndipo nikamtafuta Ramadhani. Unamjua, yule dereva wa lori wa hapa mjini, mwembamba, anayeongea kuanzia anapowasha gari mpaka anapozima. Sayi mwenyewe nilijaribu kumfundisha kwenye uwanja wa mpira, akagonga goli, akashuka, akasema hataki kusikia tena. Basi Ramadhani alimwendesha mama safari ya kwanza, na mama alimpenda. Aliimba njia nzima, akasimama Lamadi akamnunulia sato wa kukaanga, akamweleza kila jumba la Mwanza lilivyo. Daktari aliwaambia macho yote mawili ni mtoto wa jicho, atapasuliwa, lakini kwanza kuna dawa na vipimo, na arudi kwa tarehe atakazopewa bila kukosa hata moja. Akikosa anarudishwa mwisho wa foleni, na foleni ni ya mwaka. Ukungu ulikuwa umeshafunga. Mama alibaki kujua mchana na usiku tu.

Sasa hapa ndipo penye neno lenyewe. Kaa vizuri.

Asubuhi ya tarehe ya pili, tajiri yake Ramadhani alimtuma Shinyanga kufuata sukari. Hatukuwa na mtu mwingine. Anatoli alikuwa ameshamfikisha mama barabarani, anatungoja. Nilimwambia Sayi twende, tumweleze ukweli, tukubali kungoja mwaka. Sayi akatungua kofia ya Ramadhani iliyosahauliwa kwenye msumari wa ukumbi wetu, akanivika. Tulipofika kwenye mkokoteni alimwambia mama yake kwamba Ramadhani yupo, ila leo ana jino, shavu limevimba, hawezi kuongea.

Anatoli aliniona. Alitazama kofia, akanitazama usoni, kisha akatazama ng'ombe wake. Halafu akapaza sauti akanisalimu, akaniita Ramadhani, akanipa pole ya jino. Mlaumu na yeye ukitaka, lakini mwenye lawama ni mimi.

Kwa hiyo, shemeji, usitume fedha za dereva. Dereva ni mimi. Tangu siku ile safari zote nimeendesha mimi, nimeketi chini ya paa moja na mama yako mzazi, kwenda na kurudi, kwa udanganyifu. Sikohoi, maana kikohozi changu anakijua. Sisafishi koo. Nikitaka Sayi anipe maji nanyoosha kidole. Huko Lamadi nanunua samaki kwa ishara, wauzaji wameshaniita bubu. Ramadhani mwenyewe tulimweleza, akaapa kutunza siri, na ili asituharibie akawa hapiti karibu na mama. Na kila nikirudi nyumbani mwili mzima unaniuma kana kwamba nimelisukuma gari, si kuliendesha. Kunyamaza kutwa nzima ni kazi nzito kuliko kupakia pamba.

Jino nalo likawa balaa. Safari iliyofuata mama aliuliza kama limepona. Sayi akasema bado. Safari iliyofuata tena, mama akatoa kwenye pindo la kitenge mzizi aliouchimba Anatoli, akasema dereva autafune pale pale, yeye amsikie akitafuna. Niliutafuna. Sijapata kuonja kitu kichungu namna ile. Machozi yalinitoka nikiwa kwenye usukani, na mama kule nyuma akasema pole baba, dawa inafanya kazi. Wakati ule nilidhani sauti yake imekwama kwa huruma.

Upasuaji ulifanyika mwezi uliopita, jicho moja kisha la pili, na Sayi alikaa naye hospitali hadi mwisho. Nashukuru Mungu, ulikwenda vizuri. Nilipofika kuwachukua, Sayi alinikimbilia nje getini akiwa anafurahi na kuogopa pamoja. Mama anaona. Amepewa miwani minene kama vitako vya chupa, amewaona wauguzi, ameona shuka, amemwambia Sayi amekonda. Ndipo nami nikaingiwa na hofu. Hakukuwa na jino wala kofia ya kuniokoa tena. Nilifikiri kumwachia mtu gari nikapande basi, lakini mtu wa kumwachia sikuwa naye. Nikakaa kwenye usukani, nikatazama mbele, nikangoja aibu yangu itoke mlangoni.

Alitoka akiongozwa na Sayi kama siku zote, anapapasa. Niliona kwenye kioo kwamba hana miwani. Ilikuwa imefungwa kwenye leso, leso imefungwa kwenye pindo. Sayi akamkumbusha kwamba daktari alisema aivae. Mama akajibu kwamba barabara ina vumbi, kitu kipya hakichafuliwi siku ya kwanza. Akaingia mlango wake, akakaa kona yake ya kushoto. Akanisalimu, mwangaluka baba, na jino vipi. Sayi akajibu kwa niaba yangu.

Tulipoiacha Lamadi na kukata kuja huku, mama akasema anataka kumtuma dereva. Alisema ana maneno kwa mkwe wake, na mtu wa kuyapeleka hana mwingine isipokuwa mimi dereva, kwa kuwa mimi nalala karibu naye. Nimwambie kwamba katika maisha yake amebebwa na mkokoteni, baiskeli, lori na marobota, lakini hajawahi kubebwa na mtu anayepunguza mwendo kabla ya shimo. Wengine wote hupunguza baada ya shimo. Nimwambie alipofiwa na mumewe alidhani hatapata tena mtu wa kumwonea wasiwasi kiasi hicho. Nimwambie kwamba Ramadhani ni kijana mzuri na anaimba vizuri, lakini asihangaike kumtafuta. Huyu wa jino anatosha. Na nimwambie kuhusu mke wake, kwamba amelelewa vizuri, anapika vizuri, ila tangu utotoni hajui kudanganya, sauti humpanda juu kama ya kuku.

Sayi alikuwa amekaa pale pale kando yake. Alijifunika uso kwa kanga, na mpaka leo sijui alikuwa akicheka au akilia. Mimi nilikuwa nafanya yote mawili, kimya kimya, na barabara siioni. Nilipunguza mwendo. Mama akashukuru, wabeja baba, hapo kuna shimo.

Alijua, Joakim. Alijua tangu mwanzo wa jino. Alikaa nyuma yangu safari zote zile akijua, na mzizi ule alinipa akijua.

Tulipofika pale barabarani alipotungoja Anatoli, mama alishuka, akapandishwa kwenye mkokoteni akiwa bado anapapasa. Niligeuza gari. Nilipokuwa nimeshaondoka kidogo nilitazama kwenye kioo, nikamwona anafungua leso. Akavaa miwani. Akalitazama gari langu la kijivu likienda, akalitazama sana, hakugeuka mpaka nilipopita kona.

Jumapili tulikwenda Zagayu kwa miguu kutoka barabarani. Nilichuchumaa mbali nikasalimu, uso pembeni. Aliitikia, uso pembeni, na miwani yake inang'aa. Baadaye alimtuma Sayi aniambie kwamba gari ameliona, ni zuri, ila angeulizwa yeye angechukua jekundu.

Sasa nakuuliza wewe, mtoto wake wa kwanza. Baba hayupo, wewe ndiye mwenye neno. Nimevunja heshima au sikuivunja? Kama kuna mbuzi wa kutoa, au ng'ombe, niandikie, nami nitatoa bila kunung'unika. Ninachoomba ni nikijue kosa langu kwa jina lake, nipumzike. Daktari anataka kumwona tena Desemba. Nilimtuma Sayi amwulize mama kama tumtafute dereva mwingine, kwa kuwa sasa anaona. Mama akajibu kwamba miwani ile ni ya gharama na barabara ya Lamadi ni mbaya. Safarini atakuwa anaivua.

Wasalimie wote, mmoja mmoja. Mwambie Felisita kwamba mama amekipenda kitenge alichomtumia, na sasa anayajua maua yake yana rangi gani. Mungu awatunze mpaka tuonane, nami nilale kidogo.

Ni mimi shemeji yako,
Athanasi

N.B. Dereva naye anakusalimu. Jino lake bado halijapona.